Kichuguu cha Mama Mkwe Kwenye Uwanja wa Ndege

Kabla hapajakuwa uwanja wa ndege, pale palikuwa na vichuguu vitatu, na kimoja kilikuwa cha mama mkwe wangu. Usinicheke. Kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama vile mzinga wa nyuki una mwenyewe. Mvua ya kwanza ikinyesha na kumbikumbi wakianza kutoka, huendi kwenye kichuguu cha mtu na blanketi lako. Utaitwa mwizi mbele ya ukoo mzima. Kile alipewa na mama mkwe wake yeye, siku alipozaa mtoto wa kwanza, na siku moja kingekuwa changu.

Halafu serikali ikaleta tinga. Hii ilikuwa kusini mwa Kitui, upande wa kwenda Ikutha, miaka ya sitini ikielekea kwisha. Wazee waliitwa barazani wakaambiwa patalimwa uwanja, ili mkubwa wa wilaya aweze kufika wakati mito imejaa na barabara imekatika, na madaktari pia. Wenye mashamba waliambiwa watapewa mengine. Wenye vichuguu hakuna aliyewauliza. Tinga lilipita asubuhi moja tu, likalaza vyote vitatu. Mama mkwe alisimama kando na fimbo yake, akamwambia dereva, "Umevunja mlango tu, mwanangu. Nyumba iko chini."

Majina ya watu wa siku zile ninayo yote, hata la huyo dereva na la mke wake aliyekuwa akimletea uji. Lakini watoto wao wako hai, na wengine tunakaa nao benchi moja kanisani, kwa hivyo nitawaita kwa kazi zao.

Uwanja wenyewe haukuwa kitu cha kusimulia. Udongo mwekundu uliopigwa ukakazika, upana wake hatua thelathini, urefu wake ukiita mtu upande wa pili hasikii. Pembeni, huku na huku, mawe makubwa kama vyungu yaliyopakwa chokaa, moja kila hatua tano, ili rubani aone mwisho wa uwanja uko wapi. Mlingoti wenye soksi ya kitambaa ya kuonyesha upepo. Kibanda cha mabati chenye meza, benchi, na kitabu cha karani. Ndoo nne nyekundu za mchanga, za kuzima moto. Choo. Hayo ndiyo yote. Karani alikuwa mmoja na mfagiaji alikuwa mmoja, na mfagiaji ndiye mimi. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa, akija Krismasi. Mimi nilikata nyasi, niliokota mawe, nilifukuza mbuzi, na kila mwaka kabla ya mvua nilipaka mawe chokaa upya.

Sasa, yale mama mkwe aliyomwambia dereva yalikuwa kweli. Mchwa hawakuhama. Haukupita mwaka mmoja, kichuguu kikaanza kuota tena, hatua tisa kuingia uwanjani kutoka kwenye mawe ya upande wa mto. Karani alikiona, akaniambia, "Mama, hicho chimba mpaka umtoe malkia, kisha umwage oili chafu humo. Usiniachie kitu."

Nilisema ndiyo. Nikachukua jembe. Nikakinyoa juu kama unavyonyoa kichwa cha mtoto, nikapiga maji, nikakanyaga, pakawa sawasawa na uwanja. Malkia nikamwacha alale.

Usiniulize mara mbili kwa nini. Mama mkwe alikuwa amekaa nyumbani akiningoja kuniuliza kama nimemuua. Na njaa ilikuwepo. Mwaka ule muthokoi yenyewe, mahindi yetu ya kukoboa, tulikula bila kunde. Kumbikumbi waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, ukiwaanika, ni chakula cha wiki tatu. Kwa hivyo kila mvua ya kwanza, karani akiwa bado kwake analala, sisi wawili tulikuja na vijiti na blanketi, tukajenga kakibanda juu ya matundu, tukachimba shimo dogo mdomoni mwake ili waangukie humo. Tukimaliza nilifukia, nikakanyaga, nikafagia. Karani aliandika kitabuni kwamba uwanja ni mzuri. Miaka ikaenda hivyo.

Lakini kila ndege iliposhuka, mimi nilifumba macho. Ndege zilikuwa chache, pengine moja kwa mwezi, na nyingi zilipita katikati kabisa. Nilisimama nyuma ya kibanda nikiwa nimeshika ndoo ya mchanga kwa mikono miwili, nikihesabu mpaka nisikie injini imezimwa. Karani alidhani mimi ni mtu wa bidii. "Huyu mama yuko tayari kwa moto wakati wote," aliwaambia wageni.

Mwaka ninaotaka kuusema, mvua ya Novemba ilichelewa, kisha ikaja yote kwa pamoja. Kumbikumbi walitoka kama moshi. Tulijaza vikapu viwili. Mama mkwe alifurahi akaimba. Lakini nilipoondoa blanketi ili nifukie shimo, nilisikia kitu ambacho sikuwahi kusikia. Maji ya mvua yaliyokuwa yamesimama pale yalianza kwenda chini, na huko chini yalikuwa yanaanguka. Kama mtu anamimina mtungi katika nyumba nyingine. Nikaweka sikio. Yalianguka kwa muda mrefu.

Nilimwangalia mama mkwe. Alikuwa ameacha kuimba.

"Fukia," akasema.

Nikafukia. Nikafagia.

Siku ya nne baada ya hapo, binti yangu wa kwanza alishikwa na uchungu. Alikuwa na mimba ya kwanza, na mume wake alikuwa amemleta kwangu azalie karibu na dispensari ya misheni. Alilala dispensari usiku wa kwanza. Siku ya pili mtoto akawa bado hajaja. Siku ya tatu asubuhi nesi alinishika mkono akanipeleka nje, karibu na tangi la maji, na nilipoona ananitoa nje nilijua.

"Mtoto amelala vibaya," akasema. "Hapa siwezi. Anataka kupasuliwa, na ni leo."

"Gari lipo?"

"Gari lipo. Mto hauvukiki. Nimeomba polisi waite ndege ya madaktari kwa redio."

Unaelewa sasa. Nilimwambia asante. Niliingia ndani nikamwona mtoto wangu, midomo imekauka, macho yananitafuta. Akaniuliza, "Mwaitu, watanipeleka?" Hivyo ndivyo tunavyomwita mama.

"Watakupeleka. Ndege inakuja."

"Mimi naogopa ndege."

"Nani haogopi," nikasema. "Wewe fumba macho tu."

Nilitoka nikakutana na karani akija mbio kutoka kituo cha polisi, shati limelowa jasho. "Mama, ndege itafika jua likiwa hapa," akanyoosha kidole mahali palipokuwa kabla kidogo ya saa sita. "Kimbia ukafukuze mbuzi, uwashe moto wa moshi, soksi imelowa haipandi. Mimi nakuja na gari, mimi na nesi na mgonjwa." Halafu akakumbuka mgonjwa ni nani. "Pole, mama," akasema. "Usiwe na wasiwasi. Uwanja ni mzuri, jana nimeutembea wote."

Njia kutoka misheni mpaka uwanjani ni fupi. Siku ile nilikufa mara nyingi nikiipita. Nikimwambia karani ukweli, atarudi redioni aseme uwanja umeharibika, ndege isije, na mtoto wangu atakufa juu ya kitanda cha dispensari akiniangalia. Nikinyamaza, ndege itakuja, na labda gurudumu litapita palepale, na ndege itapinduka na watu wake ndani, na mtoto wangu atakufa vilevile. Nilijaribu kuomba. Maombi hayakuja. Lilikuja jina la Mungu tu, Ngai, Ngai, Ngai, kwa kila hatua.

Mama mkwe alikuwa amefika kabla yangu. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, lakini alikuwa amefika. Alikuwa amesimama pale pale juu ya kichuguu, anagonga chini kwa fimbo. Sauti ilikuwa ya ngoma.

"Nimesikia wameita ndege," akasema. "Lete jembe."

Nilichukua mti mrefu wa kuchochea moto, nikauchoma ardhini. Uliingia kama kwenye uji. Ukaenda mpaka kiwiko changu kikagusa udongo. Nilisogea hatua moja, nikachoma tena. Ukaingia. Hatua ya tatu ukagonga.

"Tujaze mawe," akasema mama mkwe.

"Mawe yatazama, mama. Na tutajaza mpaka lini? Huku chini ni pakubwa kuliko jiko lako."

"Basi kakae na mbuzi wako hapo juu, rubani akuone akukwepe."

"Atanikwepa aende wapi? Ataona mtu uwanjani ataondoka."

"Basi sema wewe! Si ndiwe mtu wa serikali? Si ndiwe unayelipwa kufagia?"

"Na nani aliyekataa nisimuue malkia?"

Tulisimama tukiangaliana kama jogoo wawili. Miaka yote niliyokaa kwake sikuwa nimewahi kumjibu hivyo. Yeye ndiye aliyeangalia pembeni kwanza, na alipoangalia pembeni aliangalia mawe.

"Rubani anajua vipi uwanja unaishia wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa tayari nimeinama nimebeba jiwe la kwanza.

Tulihamisha mawe ya upande wa mto. Kuanzia hatua thelathini kabla ya kichuguu mpaka hatua thelathini baada yake, kila jiwe tuliliingiza ndani hatua kumi na tatu, kichuguu kikabaki nje. Mimi nilibeba kwa tumbo. Mama mkwe, yule mzee, aliweka mawe kwenye kiondo, mkanda kwenye paji la uso, akatembea ameinama kama anayebeba maji, na mguu wake ule. Tulipoweka la tano nilitazama nyuma nikaona kosa. Mahali jiwe lilipotoka palibaki duara jeupe la chokaa, na kutoka juu rubani angeona mistari miwili.

"Miguu!" nikapiga kelele. "Futa kwa miguu!"

Akawa anaburuta nyayo juu ya chokaa, anarushia udongo, anaparua kwa fimbo. Jua lilikuwa limekaribia pale karani alipoonyesha. Nilihisi kitu kimekatika mgongoni na sikujali. Tulipoweka la mwisho tulisikia gari. Nikakimbia kwenye moto, nikatupia majani mabichi, moshi ukapanda na kulala kuelekea mtoni.

Gari la misheni lilisimama karibu na kibanda. Binti yangu alikuwa nyuma kwenye godoro, nesi amemshika kichwa. Karani aliruka chini, akatazama uwanja. Akatazama tena. Yeye ndiye aliyepima mawe yale kwa kamba. Aligeuka akaniangalia, na mimi nikamwangalia. Mikono yangu ilikuwa myeupe mpaka viwiko.

"Mama," akasema polepole, "uwanja wangu umeliwa na nini?"

Kabla sijajibu tuliisikia.

Ilitoka upande wa Kibwezi, ndogo, nyeupe. Ilishuka chini ikapita juu yetu bila kutua, kama wanavyofanya siku zote kufukuza mbuzi na kuangalia. Nilimwona rubani ameinamisha kichwa anatazama chini. Alitazama mawe. Nina hakika alitazama mawe. Kisha akapandisha ndege na kwenda bila kugeuka, na sauti ikapungua, ikapungua, mpaka nikasikia binti yangu akilia kule nyuma ya gari.

"Ameondoka," nesi akasema. "Kwa nini ameondoka?"

Mama mkwe alikaa chini palepale uwanjani, akafunika uso kwa leso. Mimi nilijua kwa nini ameondoka. Ameona uwanja umejikunja kama nyoka, akasema hapa si mahali pa kushuka. Nimemfukuza kwa mikono yangu miwili. Sijawahi kuogopa hivyo tena, na nimezika mume na nimezika ndugu. Ilikuwa hofu yenye ladha, kama kulamba chuma.

Sauti ikarudi. Alikuwa ameenda mbali kuzunguka. Akapita tena chini, mara ya pili, na mara hii polepole, bawa moja limelala. Akaondoka tena. Akarudi tena. Mara ya tatu akashusha magurudumu juu ya udongo, karibu sana na mawe tuliyohamisha, vumbi hakuna kwa sababu ya mvua, tope linaruka. Safari hii sikufumba macho. Niliangalia gurudumu la kushoto mpaka likapita mawe yetu. Hatua tano zilibaki katikati yake na kichuguu. Labda sita. Kisha ikasimama.

Rubani alikuwa Mzungu mwenye Kiswahili kizuri. Walipokuwa wanampakia binti yangu, alikuja akauliza, "Nani amesogeza mawe yale?"

"Ni mimi," nikasema. "Huko ni laini. Mvua."

Alitazama upande ule, akaitikia kwa kichwa. "Umefanya vizuri sana, mama. Asante."

Nilitaka kwenda na binti yangu, lakini nafasi ilikuwa ya nesi. Niliweka mkono wangu kwenye mguu wa mtoto wangu, sehemu pekee niliyoweza kufikia, nikaacha alama ya chokaa juu ya shuka. Mlango ukafungwa. Ndege ikakimbia tena kandokando ya mawe yale, nzito zaidi, ikapanda.

Karani alingoja mpaka tukabaki watatu. Akachukua chuma cha kutindulia mawe, akaenda pale nje ya mstari, akakichoma. Kilizama mpaka ngumi yake. Alikaa ameinama hivyo kwa muda, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

"Tangu lini?"

"Tangu tinga," nikasema.

"Na mimi nimeandika kila wiki kwamba ni mzuri. Kwa mkono wangu, na sahihi." Akainuka. "Mama, mimi na wewe tungefungwa jela moja."

"Jela ya wanaume na ya wanawake si moja," mama mkwe akasema kutoka alipokaa.

"Wewe nyamaza, mama! Wewe ndiwe ungefungwa kwanza!"

"Serikali ilikuta kichuguu changu hapa. Haikusema hata hodi."

Karani alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, kisha akavua shati. Tulichimba mpaka jua likazama, na kesho yake, na kesho kutwa. Tulipofika kwenye chumba cha malkia, mama mkwe alisema yeye mwenyewe ndiye atamtoa. Alimtoa kwa mkono, akamweka juu ya jiwe, akamponda. Shimo lile lilimeza mawe ya mikokoteni mitatu. Ng'ombe mzima angeingia humo.

Habari za binti yangu hazikuja. Siku moja, mbili, nne. Redio ya polisi ilisema tu kwamba amefika hospitali. Mimi nilikuwa nachimba nikifikiria jambo moja. Rubani alizunguka mara mbili. Kama mawe yangekuwa mahali pake, angezunguka mara moja. Nilikuwa nahesabu ule muda aliozunguka. Nilikuwa naupima kwa kazi, muda wa kuchota ndoo, muda wa kupalilia mstari mmoja wa mtama. Mama mkwe alijua ninachohesabu. Siku ya tano aliniambia, "Acha," na mimi sikuweza kuacha.

Binti yangu alirudi baada ya wiki tatu, kwa basi la barabara ya Mombasa mpaka Kibwezi, kisha kwa lori. Niliwaona wawili tu wakishuka, yeye na mume wake aliyekuwa amemfuata. Mikono yake ilikuwa mitupu. Nilimpokea, nikamkalisha, nikampa uji. Jirani walikuja wakalia naye, wakaenda. Tulipobaki peke yetu nilijaribu kumuuliza mara mbili na ulimi ukakataa. Mara ya tatu nikasema, "Mwanangu, daktari alisema nini? Mlichelewa?"

Alizungusha kikombe mkononi. "Hapana, mwaitu. Daktari alisema mtoto alikuwa amekufa tangu jana yake jioni. Alisema hata ndege ingekuja alfajiri ingemkuta amekufa. Mimi ndiye waliyemwahi."

Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba, nikashika mti wa muarubaini. Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa amekufa, na mimi nilikuwa nasema asante, asante, kwa sauti, kwa sababu alikufa mapema. Binti yangu alinisikia. Alikuja akasimama mlangoni na kikombe chake, akaniuliza, "Mwaitu, unashukuru nini?"

Nikamwambia. Nilianza na tinga, nikaenda mpaka kwenye mawe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, na kwa siku mbili hakuniita mwaitu. Siku ya tatu aliniita.